Mafuta mbadala ya malori yaanzie mgodini, si kwenye dumu la kando ya barabara

Lita moja ya dizeli inayochomwa na lori pale Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, imeshasafiri karibu kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam kabla ya kuingia kwenye tenki. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, wakazi wa Kahama, Msalala na Geita wanajua mapema kwamba namba yao itakuwa juu ya ile ya Dar es Salaam. Mwaka 2022, bei ilipopaa duniani baada ya vita vya Ukraine kuanza, Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni ili kupunguza makali. Kwa mwenye Fuso moja ya kubebea mawe kutoka maduarani kwenda kwenye makarasha, au mwenye semi-trela inayopita Isaka kuelekea Rusumo, dizeli ndiyo inayoamua kama mwezi umelipa au la. Kwa hiyo katika ukanda huu wa dhahabu swali la mafuta mbadala halikusubiri mikutano ya mabadiliko ya tabianchi. Limekuwapo siku zote, kwenye gereji na kwenye maegesho ya malori: je, hakuna kitu kingine cha kutia humu?

Kipo. Injini ya dizeli ina uwezo wa kuchoma vitu vingi kuliko vinavyouzwa kwenye vituo vyetu, na anayetafuta nafuu hana kosa kwa kuitafuta. Tatizo ni mahali ambapo majaribio yetu yamekuwa yakianzia. Yameanzia kwa mtu mwenye haja kubwa ya kubana matumizi na uwezo mdogo wa kupima: mmiliki wa lori moja anayeuziwa dumu kando ya barabara, bila cheti wala risiti, kwa neno la muuzaji peke yake. Hoja ya makala hii ni kwamba mpangilio huo upinduliwe. Mafuta mbadala yaanze kutumika penye maabara, penye matenki yanayolindwa na penye daftari la matengenezo ya kila gari, yaani kwenye migodi mikubwa kama Bulyanhulu na Geita na kwenye kampuni kubwa za usafirishaji. Yakishathibitika huko, ndipo yamfikie mwenye Fuso, yakiwa na kiwango kinachojulikana na bei inayoeleweka.

Ili kuona kwa nini kipimo kina uzito wote huo, tuanze na injini yenyewe inachotaka. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina plagi hiyo. Pistoni inabana hewa mpaka joto lake linapita nyuzi 500 za selsiasi, kisha nozeli inapuliza mafuta kama ukungu ndani ya hewa hiyo, nayo yanawaka yenyewe. Hapo mafuta yanadaiwa mambo kadhaa kwa pamoja. Yawake upesi yakikutana na joto. Yawe na mnato wa kiasi, kwa sababu yakiwa mazito nozeli itarusha matone badala ya ukungu, na yakiwa mepesi mno yatavuja ndani ya pampu kabla hayajafika. Yalainishe, maana katika pampu nyingi hakuna kilainishi kingine zaidi ya dizeli yenyewe inayopita humo. Na yawe safi kabisa, kwa kuwa nafasi kati ya vipande vinavyosuguana ndani ya pampu na nozeli ni ya mikroni chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Malori ya zamani yenye pampu ya mstari, inayopata ulainishaji kutoka kwenye oili ya injini, huvumilia makosa kwa muda. Malori mapya, ambayo mfumo wao husukuma mafuta kwa shinikizo la bar 1,600 na zaidi, hayavumilii. Tone la maji au mchanga usioonekana kwa macho unatosha kuharibu seti nzima ya nozeli, na fundi yeyote wa pampu na nozeli pale Kahama anajua seti hiyo inagharimu kiasi gani.

Tanzania tayari ina ushahidi wake kuhusu mbadala usiopimwa, na ushahidi huo unaitwa uchakachuaji. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko dizeli, kwa nia njema ya kumsaidia mwananchi anayewasha koroboi. Pengo hilo la kodi likazaa biashara ya kuchanganya mafuta ya taa na dizeli. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi ili mkaguzi aweze kutambua yaliyoghushiwa, na katika bajeti ya mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Hatua hiyo iliondoa faida ya kuchanganya. Iliondoa pia nafuu ya yule mwenye koroboi, na hilo halisemwi vya kutosha: maskini wa vijijini walilipa gharama ya ulaghai ambao hawakuufanya. Wenye malori nao walilipa kwa njia yao. Mafuta ya taa ni mepesi kuliko dizeli na hayana ulainishaji wa kutosha, kwa hiyo pampu huisha taratibu. Injini inawaka kwa shida asubuhi, nguvu inapungua mlimani, moshi unabadilika, na mwenye gari analaumu fundi.

Wapo wanaojibu kwamba katika nchi za baridi kali mafuta ya taa huchanganywa na dizeli kihalali. Ni kweli. Huko hufanywa wakati wa majira ya baridi ili nta iliyomo ndani ya dizeli isigande na kuziba filta, hufanywa kwa kiasi kilichowekewa mpaka, na huongezwa dawa ya kurudisha ulainishaji. Shinyanga haina theluji. Sababu inayohalalisha mchanganyiko huo kule haipo hapa, na dawa inayoufanya usiue pampu haimo kwenye dumu la kando ya barabara.

Kuchanganya petroli ni hatari zaidi, na hapa hatari inahama kutoka kwenye injini kwenda kwenye roho za watu. Dizeli ya kawaida hupimwa kuhakikisha kwamba haitoi mvuke wa kushika moto mpaka ifikie joto la nyuzi 52 au 55, kutegemea kiwango kinachotumika. Mafuta ya taa huanza kwenye nyuzi 38. Petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na ndiyo sababu lori la petroli lililopinduka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 liliua watu zaidi ya 100 waliokuwa wamelizunguka. Asilimia moja tu ya petroli ndani ya dizeli inaweza kuiangusha chini ya kiwango cha usalama. Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: ndani ya tenki la petroli tupu mvuke huwa mwingi mno kiasi kwamba hewa ya kuuwasha haitoshi, na ndani ya tenki la dizeli mvuke huwa haba mno. Mchanganyiko wa hizo mbili unaweza kuangukia katikati, pale ambapo mvuke na hewa vinatosheleza mlipuko. Dereva anayedhani ana tenki la dizeli, na anayefanya kazi ya kuchomelea karibu nalo kama ilivyozoeleka, hajui amekaa juu ya nini.

Baada ya kusema hayo kuhusu mchanganyiko wa mafuta ya madini, tugeukie mbadala wa kweli, mafuta ya mimea. Historia yake ni ndefu kama ya injini yenyewe. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli ilioneshwa ikitumia mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe baadaye aliandika kwa matumaini juu ya mafuta ya mimea. Lakini kisa kinachotuhusu zaidi ni cha jirani zetu wa Kongo. Mwaka 1937 mtafiti wa Brussels aitwaye G. Chavanne alipewa hataza ya Ubelgiji ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa mafuta ya injini kwa njia ya kikemia, akifikiria mawese ya Kongo, na mwaka 1938 basi la abiria likafanya safari kati ya Brussels na Louvain likitumia mafuta hayo. Kazi ile ndiyo mzizi wa kile ambacho leo dunia inakiita biodizeli. Zao lilikuwa la Kiafrika, na ugunduzi wenyewe ulihusu kitu kimoja: mawese hayafai kutiwa kwenye tenki kama yalivyo, lazima kwanza yabadilishwe.

Sababu ni mnato. Mafuta ya pamba au alizeti ni mazito takriban mara kumi kuliko dizeli. Ukiyatia yalivyo, lori litawaka na litatembea, na hapo ndipo mtego ulipo, kwa maana madhara hayaonekani wiki ya kwanza. Nozeli inarusha matone, matone hayaungui yote, masizi yanajijenga kwenye nozeli na kwenye ringi za pistoni. Sehemu isiyoungua inateremka kwenye oili ya injini, inaganda pamoja nayo kama ute mzito, na siku moja oili haipandi tena. Injini inanoki. Upo mfumo unaopunguza hatari hiyo: matenki mawili, lori liwashwe kwa dizeli, mafuta ya mimea yapashwe joto hadi nyuzi 70 au 80 kwa maji ya rejeta, dereva abadilishe swichi injini ikishapata moto, na arudi kwenye dizeli dakika chache kabla ya kuzima ili kusafisha mabomba. Unafanya kazi kwenye injini za zamani, kwa mtu makini anayebadilisha oili mapema kuliko kawaida. Kwa lori linalosimama na kuwaka mara ishirini kwa siku kati ya shimo na karasha, lisilopata joto la kutosha na ambalo dereva wake ni mwingine kila juma, siupendekezi hata kidogo.

Kuhusu oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo nayo huuzwa kama nyongeza ya dizeli, maneno machache yanatosha. Ina chembe za chuma zitokanazo na msuguano na kemikali za oili zinazoacha majivu. Kuichuja kwa kitambaa hakuondoi hivyo. Isitumike.

Biodizeli inapatikana kwa kuchanganya mafuta ya mimea na methanoli mbele ya kichocheo, kwa kawaida magadi makali ya sodiamu au potasiamu. Gliserini inajitenga na kuzama, na kinachobaki juu, kikioshwa na kukaushwa, kina mnato unaokaribia ule wa dizeli. Maelezo hayo ni mepesi kiasi kwamba kila mwaka kuna mtu anayefikiri anaweza kuyafanya nyuma ya nyumba. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, hupenya kwenye ngozi, hushika moto kwenye joto la nyuzi 11 tu, na mwali wake mchana hauonekani vizuri. Magadi hayo yanaunguza macho. Mafuta yaliyokaangia chipsi yana tindikali na maji, na mtu asiyepima kiasi cha tindikali kabla ya kuanza atatengeneza sabuni badala ya mafuta. Hata akifaulu, methanoli kidogo ikibaki humo, biodizeli inapoteza sifa yake bora ya usalama: ile safi haitoi mvuke wa kuwaka mpaka karibu nyuzi 100 au zaidi, lakini yenye mabaki ya methanoli inaweza kuwa hatari kuliko dizeli. Tofauti hiyo haionekani kwa jicho wala haisikiki kwa harufu. Inaonekana maabara tu.

Na ikishakuwa nzuri, bado inataka malezi. Biodizeli huosha uchafu uliojikusanya kwenye tenki kwa miaka, kwa hiyo filta za kwanza huziba haraka na lazima zibadilishwe mapema. Hulainisha na kuvimbisha mipira ya asili, na malori ya zamani yana mabomba na oringi za aina hiyo. Hunyonya maji zaidi ya dizeli, na maji yanakaribisha vijidudu vinavyotengeneza utando kwenye filta. Huchakaa ikikaa miezi mingi, hasa kwenye joto la kanda hii, na huchakaa upesi zaidi ikigusana na shaba au bati lenye zinki, hivyo mapipa ya mabati hayafai. Ya mawese ya Kigoma huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16, na usiku wa Julai Kahama unaweza kulikaribia joto hilo. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa pembeni yanaweza kupata moto yenyewe. Kuna pia hesabu ya nguvu: lita ya biodizeli tupu ina nishati pungufu kwa takriban asilimia 8 hadi 10 kuliko ya dizeli, kwa hiyo anayelinganisha bei ya lita kwa lita anajidanganya. Mchanganyiko wenye asilimia 5, na kwa injini nyingi hata asilimia 20 kwa idhini ya mtengenezaji, unapunguza karibu matatizo yote haya hadi kiwango kinachodhibitika. Tena una faida moja ambayo haitajwi: tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeelekea kwenye dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni, na usafishaji unaoondoa salfa huondoa pia ulainishaji wa asili. Asilimia moja au mbili ya biodizeli inaurudisha.

Sasa tazama orodha hiyo ya masharti: maabara, filta za akiba, matenki sahihi, idhini ya mtengenezaji, mafundi wanaoandika kila saa ya injini. Nani katika Kanda ya Ziwa anayo yote hayo leo? Bulyanhulu, iliyoanza uzalishaji mwaka 2001, na Geita, iliyoanza mwaka 2000. Migodi hiyo ina magari yanayojaza mafuta kwenye kituo kimoja, chini ya mkono mmoja, na injini zinazopimwa oili mara kwa mara kwa sababu mtambo ukisimama, uzalishaji unasimama. Bulyanhulu ina sababu ya ziada iliyo nzito kuliko bei. Ni mgodi wa chini ya ardhi. Moshi wa dizeli unaotoka kwenye malori na mashine za kuzoa mawe unabaki kwenye njia ambamo watu wanapumua mpaka feni ziuondoe. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Miongoni mwa ushahidi lilioutumia ni utafiti wa Marekani wa wafanyakazi 12,315 katika migodi 8. Marekani ilishaweka kikomo cha mikrogramu 160 za kaboni kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwenye migodi ya chini kuanzia Mei 2008, na baadhi ya migodi huko ikageukia biodizeli ili kukifikia, kwa kuwa inapunguza masizi. Haiondoi madhara yote, maana gesi za naitrojeni zinaweza kuongezeka kidogo na baadhi ya kemikali za moshi hubadilika, hivyo feni na vichujio vinabaki kuwa vya lazima. Hata hivyo, kwa mchimbaji anayeshinda zamu nzima chini, kupungua kwa masizi ni faida inayoingia kifuani mwake, na mafuta yasiyoshika moto upesi ni kinga nyingine katika mahali ambapo njia za kutokea ni chache.

Serikali nayo ina mkono ndani. Tangu kuundwa kwa Twiga Minerals, kampuni ya ubia kati ya Serikali na mwekezaji wa mgodi, Tanzania ina hisa asilimia 16 katika Bulyanhulu, na kanuni za mwaka 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania kwenye madini zinaitaka migodi inunue bidhaa na huduma za ndani. Mgodi unaponunua mchele, sare na mabomba kwa wazalishaji wa Kahama, kwa nini usiwe na mkataba wa majaribio wa kununua biodizeli ya mbegu za pamba za Shinyanga na Simiyu, kwa sharti la kupimwa kila shehena? Mfano wa mkataba wa namna hiyo uko Ghuba. Tangu mwaka 2011 malori ya McDonald's katika Falme za Kiarabu yanatumia biodizeli iliyotengenezwa kwa mafuta ya kukaangia ya migahawa hiyo hiyo. Chanzo kimoja, mtengenezaji mmoja, magari yanayojulikana. Usimamizi huo ndio ulioifanya ifae.

Pingamizi la kwanza litakalotolewa, na ni la haki, ni chakula. Nchi hii huagiza nje zaidi ya nusu ya mafuta ya kula inayoyahitaji. Kuchoma mafuta ya alizeti ya Singida kwenye malori wakati mama wa Msalala ananunua mafuta kwa kijiko ni jambo nisiloweza kulitetea. Kwa sababu hiyo biodizeli ya migodini isitokane na mafuta safi ya kula. Itokane na yaliyokwisha kukaangia kwenye majiko ya kambi, hoteli na mabanda ya chipsi, na yale ya mbegu za pamba yaliyoshindwa kufikia ubora wa mezani. Kiasi hicho hakiwezi kuendesha malori yote ya kanda. Kinaweza kuanzisha mchanganyiko wa asilimia 5 kwenye mgodi mmoja, na hiyo ni sehemu nzuri ya kuanzia. Pia mafuta meusi yaliyokaangia mara nyingi yakipata mnunuzi, yatatoka kwenye karai ambamo leo yanaendelea kulishwa watoto wetu.

Pingamizi la pili linatukumbusha mibono kaburi, zao lililopigiwa debe kama chanzo cha biodizeli. Kati ya mwaka 2005 na 2010 wawekezaji walikuja na ahadi kubwa, wakachukua maelfu ya hekta Kisarawe na Kilwa, na miradi ya Sun Biofuels na BioShape ikaanguka, ikiwaacha wanakijiji bila ardhi na bila ajira walizoahidiwa. Anayeogopa marudio ya kisa hicho ana haki kabisa. Kosa la miradi hiyo lilikuwa kuanza na ardhi kabla ya kuwa na mnunuzi wala mavuno yaliyopimwa. Mpango ninaoutetea hauhitaji hekta mpya hata moja kwa kuanzia. Lakini kuchelewa nako kuna gharama yake: Makueni, Kenya, kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu kama za mbarika mwaka 2022, na mafuta yake yakasafirishwa hadi Gela, Sicilia, kwenda kutengenezwa mafuta ya magari ya Ulaya. Malighafi ya Afrika Mashariki tayari ina soko. Ikiwa hatutajifunza kuitumia na kuipima wenyewe, tutaiuza ghafi.

Wengine watasema tusubiri gesi na umeme. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikizalisha umeme Dar es Salaam tangu 2004, magari madogo mengi ya jiji hilo yamefungwa mitungi, na kiwanda cha saruji cha Dangote, Mtwara, kimeingiza barabarani malori ya gesi asilia. Treni ya umeme nayo ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Vyote ni habari njema, na reli ikifika Isaka itaondoa malori mengi barabarani. Lakini gesi iliyobanwa kwa shinikizo la bar 200 inataka vituo, na vituo vingi viko pwani. Inataka pia mitungi inayopimwa kila baada ya miaka michache na mafundi waliosomea, kwa kuwa injini ya dizeli inayotumia gesi bado inahitaji dizeli kidogo ya kuiwasha au kubadilishwa iwe na plagi. Mpaka miundombinu hiyo ivuke Singida na kufika Kahama, malori ya dizeli yaliyopo yataendelea kufanya kazi, na wenye nayo wataendelea kutafuta nafuu.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi gumu kuliko yote: kwamba ninampa mgodi tajiri nafasi ya kwanza na kumwambia mwenye Fuso angoje. Nalichukua kwa uzito. Lakini linganisha nani anabeba hasara jaribio likiharibika. Mgodi ukipoteza nozeli za lori moja, unaandika ripoti na kubadilisha mchanganyiko. Mwenye Fuso akipoteza pampu, anaweza kupoteza mtaji, ada za shule na mkopo wa benki kwa pamoja. Haki ni kwamba mwenye uwezo wa kubeba hasara ajaribu kwanza, kwa sharti moja lisiloepukika: matokeo yawe wazi. Mgodi utakaochukua nafasi hiyo utangaze kila robo mwaka ulichanganya asilimia ngapi, ulibadilisha filta mara ngapi, oili ilionyesha nini, na hewa ya chini ilipimwaje. Shirika la viwango, TBS, litumie taarifa hizo kusimamia kiwango cha mchanganyiko unaouzwa. EWURA iamue masharti ya kituo kitakachouuza. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo sheria ya kemikali ya mwaka 2003 inaipa usimamizi wa vitu kama methanoli, ihakikishe kwamba mtengenezaji amesajiliwa na wafanyakazi wake wamekingwa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, nayo ifundishe mafundi wa kanda namna ya kuchunguza pampu na mipira ya gari linalohamia kwenye mchanganyiko huo.

Kwa mmiliki wa lori anayesoma makala hii leo, ushauri ni wa vitendo. Usitie mafuta ya taa, petroli, oili chafu wala mafuta ya kula kwenye tenki la dizeli, hata kwa ushauri wa dereva mwenzako ambaye lake bado linatembea. Nunua kituoni, dai risiti ya kila mara unapojaza, na jaza tenki jioni ili unyevu wa usiku usipate nafasi ya kugeuka maji. Fungua kizibo cha chini cha filta na umwage maji kila juma wakati wa masika. Injini ikianza kuishiwa nguvu au moshi ukibadilika muda mfupi baada ya kujaza, zima, chukua sampuli ya mafuta kwenye chupa safi ya kioo mbele ya shahidi, iandike tarehe na jina la kituo, na uipeleke pamoja na risiti kwenye ofisi ya EWURA ya kanda kabla hujamwaga tenki.